Mtoto Mpole Analilia Wapi?

Sifa ambayo mzazi wa Nyundo, magharibi mwa Rwanda, hufurahi kuisikia kuhusu mwanawe ni kwamba hasumbui. Ana ikinyabupfura, yaani adabu, watasema majirani: anasalimia wakubwa vizuri, hajibizani, akianguka anainuka bila kelele. Ukiteremka Gisenyi ukavuka mpaka hadi Goma, au ukaenda mbali hadi Tanga na Mombasa, sifa ni ile ile kwa maneno mengine. Mpole, mtulivu, mwenye adabu. Ni kipimo cha heshima na sina nia ya kukitupa. Ila kinapima sauti tu. Hakisemi kama mtoto ametulia kwa sababu moyo wake umetua, au kwa sababu amekwisha kujua kwamba akilia hakuna atakayekuja. Kwa nje watoto hao wawili wanafanana. Kwa ndani wako mbali sana, na umbali huo huongezeka kila mwaka wanapokua.

Tuanze na mtoto mchanga, kwa kuwa yeye hana kauli nyingine isipokuwa kilio. Kilio cha mtoto huongezeka katika wiki za kwanza, hufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua kuelekea mwezi wa tatu au wa nne. Mama mwenye mtoto wa mwezi mmoja na nusu anayelia kila jioni hajakosea kitu, wala mtoto hajadeka. Hakuna deko katika umri huo. La kutazama ni kinachofuata baada ya kilio.

Milima hii ina jibu lake la tangu zamani: mtoto anabebwa mgongoni, enzi zile kwa ngozi ya ingobyi, siku hizi kwa kitenge. Na kuna ibihozo, nyimbo za kubembelezea. Aloys Bigirumwami, Mnyarwanda wa kwanza kuwa askofu Mkatoliki, ambaye aliwekwa wakfu mwaka 1952 na kuliongoza kanisa la Nyundo kwa zaidi ya miaka 20, alikusanya mila na fasihi simulizi ya Rwanda kwa bidii ya maisha mazima, na bembelezi hizo zimo katika aliyoyahifadhi. Aliziweka pamoja na mashairi ya kujisifu na nyimbo za inanga. Namheshimu sana kwa uamuzi huo, maana aliona kwamba maneno ambayo mama humwambia mtoto anayelia usiku ni sehemu ya elimu ya taifa.

Sayansi ya malezi nayo ina deni kwa ukanda wetu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, akawa anatembelea vijiji vya Waganda karibu na Kampala, akiwatazama akina mama 26 na watoto wao. Kitabu chake kuhusu watoto wale kilitoka mwaka 1967. Aligundua kwamba wale waliotumia mama zao kama kituo, yaani wanajitenga kidogo kuchunguza dunia na kurudi wanapoogopa, walikuwa na mama waliojua kueleza mambo madogo madogo ya watoto wao: analala vipi, anakereka na nini, kilio hiki ni cha njaa na kile ni cha usingizi. Akina mama hao hawakuwa lazima matajiri au wasomi. Walikuwa wanawasoma watoto. Miaka 20 baada ya safari hiyo ya Ainsworth, mwanaanthropolojia Robert LeVine na wenzake walikwenda kwa Wagusii wa Kenya, wakakuta akina mama wanaowajibu watoto wanaolia upesi kwa kuwabeba na kuwanyonyesha, lakini hawazungumzi nao sana wala kuwatazama machoni kwa muda mrefu, tofauti na akina mama wa Marekani. Watoto wakatulia. Kwa hiyo hakuna namna moja ya kumpokea mtoto. Kuna kupokelewa na kutopokelewa.

Na hapa Nyundo ina historia inayolazimu kusemwa. Kituo cha watoto yatima cha Noël kilianzishwa mwaka 1954, kikawa miongoni mwa vikubwa kabisa nchini, na baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 kilihifadhi mamia ya watoto ambao bila ya mlango ule wangekufa. Hilo lisisahaulike. Lakini tatizo la kituo chochote kikubwa, popote duniani, ni hesabu. Mlezi mmoja mwenye watoto wachanga 10 au 15, hata awe na upendo wa namna gani, hawezi kufika kila kilio kinapoanza. Mtoto hujifunza haraka. Baada ya miezi kadhaa huacha kulia, na mgeni anayeingia ukumbini husifu utulivu. Kuna dalili nyingine ya kinyume chake inayowachanganya wageni zaidi: mtoto anayemkimbilia kila mtu, anamkumbatia mgeni ambaye hajawahi kumwona, anamshika mkono na kutaka kuondoka naye. Watu husema ni mtoto mwenye upendo. Wanaojua malezi huona mtoto ambaye hana mtu wake mmoja, na hivyo yeyote ni sawa.

Mwaka 2012 Rwanda ilihesabu vituo 33 vya aina hiyo vyenye watoto na vijana 3,323, ikaamua kuwarudisha katika familia. Mpango wa Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee katika familia, ukaanza mwaka uliofuata, na wazazi wa kujitolea walioitwa Malayika Murinzi wakawapokea wasiokuwa na ndugu. Watoto wa Noël nao walitawanywa kwa ndugu na kwa familia za malezi. Wengi waliofuatilia mageuzi hayo waliyatazama kwa macho ya majengo, yaani kituo kimefungwa au hakijafungwa. Mimi nayaona kuwa somo kubwa kuliko yote kuhusu hisia za mtoto, kwa sababu ya jambo ambalo walezi wa namna hii hulifahamu vizuri. Mtoto aliyekuwa mtulivu kituoni, akishafika nyumbani kwa watu na kukaa wiki kadhaa, mara nyingi huanza kuharibika. Analia kwa jambo dogo, anakojoa kitandani, anavunja vitu, anang'ang'ania nguo ya mama mpya asitoke, kisha anamsukuma anaporudi. Mama yule anafadhaika, anadhani amepewa mtoto mbaya au kwamba upendo wake umemharibu. Kumbe mtoto ameanza kulia kwa sababu kwa mara ya kwanza anashuku kwamba kilio kinaweza kujibiwa, na anapima kama ni kweli. Mzazi asipoelezwa hili mapema, anaweza kumrudisha mtoto wakati ule ule ambapo moyo wake umeanza kupona.

Tupande sasa umri. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hadi wa miaka minne ana hisia za mtu mzima na maneno ya kuku. Anataka, anakatazwa, anajitupa chini katikati ya soko la Mahoko, na mama yake anatamani ardhi ipasuke. Hasira hiyo ni ya kawaida. Sehemu ya ubongo inayozuia na kupanga ndiyo inayochelewa kukomaa kuliko zote, na haimalizi kazi yake hadi mtu anapofikia katikati ya miaka ya ishirini. Hasira yenye afya katika umri huu hudumu dakika chache, kisha mtoto anamgeukia yule yule aliyemkasirisha ili ambembeleze. Hilo la pili ndilo muhimu. Wasiwasi uanze pale anapojigonga kichwa au kujing'ata kila mara, anapoumiza wenzake kwa kukusudia, anaposhindwa kabisa kutulia hata akishikwa, au hali hiyo inapoendelea karibu kila siku baada ya kutimiza miaka mitano. Na uanze pia kwa yule ambaye hakasiriki kamwe, anayempa mwenzake kila kitu na kumtazama mkubwa usoni kabla ya kucheka.

Nina ugomvi mkubwa na namna tunavyonyamazisha watoto wa rika hili. Tunawatisha. Nyamaza, askari atakuchukua. Nyamaza, daktari atakudunga sindano. Mtoto ananyamaza kweli, kwa hiyo mbinu inaonekana kufaa. Lakini amefundishwa kumwogopa mtu ambaye kesho atahitaji msaada wake, na amejifunza kwamba hofu ndiyo dawa ya hasira. Mbinu ya pili ni mbaya kuliko hiyo: anachapwa, analia kwa kuchapwa, kisha anachapwa tena kwa kulia. Hapo hisia imekatwa njia zote mbili. Atakapokuwa mtu mzima asiyejua anachokisikia mwilini mwake, tutashangaa.

Kuna pia wivu wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amekuja. Katika kaya nyingi za Rubavu, wilaya ilimo Nyundo, anahamishiwa mgongoni kwa dada mwenye miaka minane au tisa. Huyo dada, mtoto mwenyewe, anakuwa mbembelezaji wa nyumba huku hakuna anayemuuliza yeye anaendeleaje. Wakati mama amekwenda kuvuka na bidhaa zake pale mpakani tangu alfajiri, dada ndiye mzazi. Wasichana wengi wa namna hii husifiwa shuleni kwa ukomavu wao. Sifa hiyo inanisikitisha.

Jambo la kutia moyo ni kwamba Rubavu yenyewe imekuwa uwanja wa kuonyesha kwamba mambo haya yanabadilika. Mpango wa Sugira Muryango ulijaribiwa kwa utafiti rasmi katika wilaya tatu, Rubavu, Ngoma na Nyanza, kwa kaya 1,049 za watu maskini kabisa wenye watoto wa miezi sita hadi 36. Mtu aliyefunzwa alikwenda nyumbani kwa mtu, mara 12 kwa mpangilio, akakaa na wazazi na kuwafundisha: jinsi ya kucheza na mtoto kwa vitu vilivyomo nyumbani, jinsi ya kutambua anachotaka kusema, jinsi ya kutuliza hasira zao wenyewe kabla ya kumgusa. Baba akasisitizwa awepo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba katika kaya zilizotembelewa adhabu kali zilipungua, wazazi walicheza na kuzungumza na watoto zaidi, na ukatili dhidi ya akina mama ulipungua. Hilo la mwisho ndilo ninalolirudia kichwani. Somo lilikuwa la mtoto mdogo, lakini usalama ukamfikia na mama, maana baba aliyejifunza kusubiri kidogo mbele ya kilio cha mwanawe amejifunza kusubiri mbele ya mengine pia.

Mtoto akianza shule, hisia zinaingia ndani. Katika umri wa miaka sita hadi 11 anajua tayari kwamba uso unaweza kusema jambo lingine na moyo lingine; anashukuru kwa zawadi asiyoipenda, anacheka wakati amechomwa na maneno ya wenzake. Huo ni ustadi, nao ni sehemu ya kukua. Unapogeuka kuwa ugonjwa, mwili ndio unaosema. Tumbo linauma kila Jumatatu asubuhi. Kichwa kinauma siku ya mtihani. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Mzazi anampeleka zahanati, vipimo havionyeshi kitu, anaambiwa anajifanya. Hajifanyi. Maumivu yapo, ila chanzo chake kiko mahali ambapo hajapewa ruhusa ya kupataja.

Ruhusa hiyo haigawiwi sawasawa. Wanyarwanda wana methali: amarira y'umugabo atemba ajya mu nda, machozi ya mwanaume hutiririka kuelekea tumboni. Mvulana wa miaka saba anaisikia kabla hajaelewa maana yake. Msichana anaruhusiwa kulia, lakini hasira anakatazwa. Hivyo kila mmoja anabaki na nusu ya moyo wake, na huzuni ya mvulana, iliyofungiwa njia yake, inatokea kwa ngumi.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa iliangusha milima na kufurisha mito kaskazini na magharibi mwa Rwanda. Zaidi ya watu 130 walikufa. Mto Sebeya, ambao Nyundo inaujua kwa hasira zake za miaka mingi, uliingia majumbani watu wakiwa wamelala. Watoto waliotolewa gizani wakapelekwa kuishi kwenye kambi za muda. Baada ya msiba wa aina hii, mtoto wa umri wa shule hasimulii kama mtu mzima. Anacheza. Anachimba mfereji kwenye udongo, anaweka vijiti kuwa nyumba, anamwaga maji, nyumba zinakwenda. Mtu mzima akipita anamkemea kwa kuwa anaona ni dhihaka kwa wafu, au anaona uchungu. Amwache. Mchezo ambao siku moja mtoto anaongeza daraja, siku nyingine anaongeza mtu anayeokoa, ni moyo unaojitibu. Wa kuangaliwa ni yule anayerudia mchezo ule ule, kwa mpangilio ule ule, bila furaha na bila kubadilisha kitu, na yule ambaye kila wingu likijikusanya hataki kulala. Mtoto huyo anahitaji mtu wa kukaa naye wakati mvua inanyesha, akamweleza kinachotokea, na mtoto akaona kwamba mvua hii imepita.

Kama mchezo, kuchora nako humpa mtoto njia ya kusema. Nyundo ina shule ya sanaa, iliyofunguliwa mwaka 1952, na mwaka 2014 ilianza kufundisha muziki kabla ya masomo hayo kuhamishiwa Muhanga. Wanaosoma pale ni vijana, na lengo ni ufundi. Lakini kukaa jirani na mahali ambapo udongo, rangi na mti vinahesabiwa kuwa kazi ya heshima kungepaswa kuzisaidia shule za msingi za sekta hii kuona kwamba kuchora kwa mtoto wa darasa la pili hakupotezi wakati. Katika shule nyingi kuchora ndilo somo la kwanza kukatwa mtihani unapokaribia.

Kisha inakuja balehe. Kijana ananuna, anajifungia, anampa rafiki siri ambazo mama yake angetoa chochote kuzisikia. Mengi ya haya ni ya kawaida na hayahitaji kikao cha ukoo. Ukimya wa kijana mwenye afya una mlango: hakuambii wewe, lakini anamwambia shangazi, rafiki, kocha wa mpira. Ukimya mwingine hauna mlango, na kuhusu huo wahenga wetu walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mtafiti Theresa Betancourt na wenzake, katika utafiti uliofanyika wilayani Kayonza na kuchapishwa mwaka 2011, waliwauliza wananchi wenyewe wanavyoiona taabu ya moyo kwa watoto na vijana wa familia zilizoguswa na virusi vya ukimwi. Wananchi walikuwa na majina yao tayari: agahinda kenshi, huzuni isiyoisha; kwiheba, kukata tamaa kabisa; guhangayika, wasiwasi; umushiha, ukali wa kudumu usiojulikana sababu; uburara, kuzurura na kuasi. Mawili ya mwisho ndiyo yanayonigusa. Tunamwona kijana mwenye umushiha tunasema ana kiburi. Tunamwona mwenye uburara tunaita polisi au tunamfukuza shule. Jamii iliyoyaweka maneno hayo kwenye orodha moja na huzuni na kukata tamaa ilikuwa imeona jambo ambalo adhabu zetu hazijaliona bado.

Na kuna Aprili. Mwaka 1994 Watutsi waliokimbilia seminari na kanisa kuu la Nyundo waliuawa humo humo. Kila mwaka, kuanzia tarehe 7 Aprili, nchi nzima inakumbuka, na kila mwaka wapo wanaoangukia ihahamuka: wanapiga mayowe, wanakimbia, wanazimia, wakiona tena yaliyotokea. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta alama za kiwewe kwa karibu asilimia 28 ya manusura, ilhali kwa wananchi kwa jumla ni asilimia 3.6. Kinachowashangaza wengi ni kwamba kati ya wanaoanguka wamo vijana waliozaliwa baada ya 1994. Hawakuona kitu. Lakini walikulia kwenye nyumba ambamo kuna chumba kisichofunguliwa, jina lisilotajwa, mama anayenyamaza ghafla redio ikisema neno fulani. Mtoto anasoma yote hayo, na asipopewa hadithi anajitungia yake, ambayo mara nyingi ni ya kutisha kuliko ukweli au inamfanya yeye kuwa mwenye kosa.

Natambua upinzani utakaotolewa hapa, nao ni wa haki. Wanyarwanda waliokoka kwa kwihangana, kwa kuvumilia. Mjane aliyeamka asubuhi ya Julai 1994 akaenda kulima hakuwa na muda wa kueleza hisia, na kama angeanza kulia huenda asingeacha. Nani leo anathubutu kumwambia kwamba uvumilivu wake ulikuwa ugonjwa? Si mimi. Tofauti ninayoiona ni ya mpangilio. Mtu aliyewahi kubembelezwa, akalia, akasikilizwa, anaweza baadaye kuamua kuvumilia, na uvumilivu huo una nguvu kwa sababu ni wake. Mtoto wa miaka mitatu anayeamriwa kuvumilia kabla hajapokelewa hata mara moja hana anachovumilia nacho. Na jamii hii hii imeonyesha inajua kufungua njia: katika siku za ukumbusho wanaume wanalia hadharani, wasaidizi waliofunzwa wanamchukua aliyeanguka na kukaa naye pembeni, na hakuna anayemcheka. Methali ya machozi ya tumboni imepewa likizo ya siku kadhaa kwa mwaka. Sioni kwa nini watoto wasipewe zaidi ya hapo.

Kazi kubwa, basi, iko kwa watu wazima. Katika kila kijiji cha Rwanda kuna Inshuti z'Umuryango wawili, mwanamke na mwanaume, wanaojitolea kutembelea kaya zenye shida. Jeraha la mtoto linaonekana, utoro wa shule una daftari. Mtoto mpole mno hana daftari. Anapita chini ya macho ya mwalimu, ya padri, ya nesi, na ya mjitoleaji mwenyewe, kwa kuwa kila mmoja ana wasumbufu 10 wa kushughulika nao. Maswali mawili yangetosha kumwonyesha, na hayahitaji mtaalamu kutoka Kigali: mtoto huyu alilia lini mara ya mwisho, na alimwendea nani? Mzazi akijibu la pili bila kusita, hata kama jibu ni bibi au jirani, kuna haja ndogo ya hofu. Akijibu kwa kujivuna kwamba huyu halii kamwe, mjitoleaji avute kiti na kukaa, na wiki inayofuata arudi.